Tokeni za wafanyabiashara: Somo la chenji ya vita na bei ya ahadi

Chenji ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Ikipungua sokoni hupanda bei, na ikitoweka kabisa wafanyabiashara hutafuta mbadala wake. Mwenye duka asiye na chenji ana njia chache tu: amwache mteja aende zake, amwambie apitie kesho kuchukua iliyobaki, au ampe kitu kingine mahali pa fedha. Wateja wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kurudishiwa pipi au kiberiti badala ya sarafu. Nchini Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, wafanyabiashara walikwenda mbali zaidi. Walijigongea sarafu zao wenyewe.

Vipande hivyo vya madini huitwa tokeni. Inakadiriwa kuwa zilitolewa zipatazo milioni 25, katika aina zinazokaribia 10,000. Leo hii ni moja ya matawi makubwa ya ukusanyaji wa vitu vya kale nchini humo, na kwa kuwa bei ya kuingilia si kubwa, tawi hili huwavutia watu wenye mtaji mdogo. Wapo wanaonunua kwa kupenda historia, na wapo wanaonunua kwa matumaini ya kuuza kwa faida. Kundi hili la pili ndilo linalohitaji somo zaidi, kwa sababu makosa yake hulipiwa taslimu.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: tokeni ni ahadi. Mwaka 1863 thamani yake ilitegemea jibu la swali moja tu, yaani nani atakayeipokea. Zaidi ya miaka 160 imepita na swali bado ni lile lile.

SARAFU ZILIVYOTOWEKA

Vita vilipopamba moto serikali ya Marekani ilihitaji fedha nyingi kuliko ilizokuwa nazo. Mwishoni mwa Desemba 1861 mabenki ya New York yalisitisha kubadilisha noti kwa dhahabu. Februari 25, 1862 ikapita sheria iliyoruhusu noti mpya za serikali, ambazo wananchi waliziita "migongo ya kijani" kutokana na rangi yake. Noti hizo zilikuwa halali kwa malipo, lakini mwenye nazo hakuweza kuzipeleka benki akadai dhahabu. Kila habari mbaya ilipotoka vitani, thamani ya noti ilishuka mbele ya dhahabu.

Sarafu ndogo za madini ya fedha zilikuwa na kinga kidogo. Tangu mwaka 1853 uzito wake ulikuwa umepunguzwa kwa takriban asilimia 7, ili isiwe na faida kuziyeyusha. Kinga hiyo ilifanya kazi kwa muda. Katikati ya mwaka 1862 noti ziliposhuka kupita kiwango hicho, sarafu ya fedha ikawa na thamani kubwa zaidi ikiuzwa kama madini au ikipelekwa Canada kuliko ikitumika dukani. Kuanzia Juni hadi Julai mwaka huo sarafu hizo zilitoweka. Ndiyo kanuni inayojulikana kwa jina la Gresham: fedha dhaifu huifukuza fedha imara sokoni. Mtu mwenye aina mbili za fedha mfukoni hulipa kwa ile dhaifu na kuificha ile imara.

Wananchi walijaribu kutumia stempu za posta. Stempu ziligandana mifukoni, zikachanika na kuchafuka. Sheria ya Julai 17, 1862 iliruhusu stempu zipokewe katika malipo ya serikali, na kuanzia Agosti zikatolewa noti ndogo zenye picha za stempu, za senti 5, 10, 25 na 50. Agosti 12 mwaka huo mvumbuzi aitwaye John Gault alipata hataza ya kufunga stempu ndani ya kikasha kidogo cha shaba ya njano chenye uso wa ulanga ili stempu ionekane. Nyuma ya kikasha aliuza nafasi ya tangazo. Miongoni mwa waliotangaza humo ni kampuni ya dawa ya Ayer ya mji wa Lowell, Massachusetts.

Hata hivyo, pengo lilibaki. Noti ndogo kabisa ilikuwa ya senti 5, ilhali kikombe cha bia, gazeti na nauli ya gari la farasi vilihitaji senti moja moja kukamilisha malipo. Senti ya wakati ule ilikuwa nzito, gramu 4.67, ya shaba asilimia 88 na nikeli asilimia 12. Kufikia mwisho wa mwaka 1862 nayo ilianza kufichwa, na walanguzi walizifungasha na kuziuza kwa bei ya juu kuliko thamani iliyoandikwa. Katika pengo hilo la chini ya senti 5 ndipo tokeni zilipoingia.

DUKA NA UZALENDO

Tokeni za kwanza za vita zilionekana mwaka 1862 katika miji ya magharibi ya wakati ule, Cincinnati katika jimbo la Ohio ikiwa mbele. Mwaka 1863 zilienea New York, Michigan, Indiana, Wisconsin na kwingineko. Karibu zote zilitolewa katika majimbo ya Kaskazini. Nyingi zina upana wa milimita 19 hivi, sawa na senti ya serikali, na mwaka unaoonekana zaidi juu yake ni 1863.

Wakusanyaji huzigawa katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni tokeni za duka. Hizi zina jina la mfanyabiashara, mji wake na mara nyingi biashara yake: mwokaji mikate, mwenye baa, muuza viatu, muuza dawa, muuza vyakula. La pili ni tokeni za kizalendo. Hizi hazina jina la duka, bali zina bendera, kichwa cha Uhuru, mizinga, sura za viongozi au maneno ya kuunga mkono Muungano. Mfanyabiashara ambaye hakutaka gharama ya muhuri wenye jina lake aliweza kununua za kizalendo zilizokwisha tengenezwa na kuzitumia kama chenji.

Lipo pia kundi dogo la wachuuzi waliofuata vikosi vya jeshi. Hao waliwauzia askari tumbaku, vyakula na mahitaji mengine kambini, na tokeni zao zilikuwa za viwango vya juu zaidi, kama senti 5, 10, 25 na 50. Askari aliyepewa tokeni hizo alilazimika kuzitumia kwa mchuuzi yule yule, kwa sababu nje ya kambi hazikuwa na mpokeaji.

Maandishi juu ya tokeni yanafundisha mengi kuhusu wasiwasi wa watoaji. Sheria ile ile ya Julai 1862 ilikuwa imekataza watu binafsi kutoa noti au tokeni za chini ya dola moja kwa nia ya kuzitumia kama fedha. Kwa hiyo baadhi ya tokeni ziliandikwa "senti moja" kwa herufi kubwa, na juu yake, kwa herufi ndogo sana, neno "si". Mwenye haraka alisoma senti moja, na mwenye kushitaki alionyeshwa neno "si". Nyingine ziliandikwa kuwa ni deni la senti moja, au ni halali kwa senti moja, na nyingine zilikuwa tangazo tupu la duka. Msomaji anayefanya biashara atatambua mara moja kuwa aliyeziandika hivyo alijua anachokikwepa.

FAIDA ILIKUWA WAPI

Hesabu ya mfano itaonyesha ni kwa nini biashara hii ilivutia. Tuseme mwenye duka ameagiza tokeni 10,000 na kila moja imemgharimu nusu senti. Ametoa dola 50. Akizitoa zote kama chenji, amepunguza dola 100 za sarafu ambazo angelazimika kuwarudishia wateja. Kama hakuna hata moja itakayorudi kudaiwa, amepata dola 50 safi. Zikirudi 5,000 akazilipa, hajapata wala hajapoteza. Zikirudi zote, amepoteza dola 50, lakini tokeni ziko mkononi mwake na anaweza kuzitoa tena.

Hivyo faida kamili ilikuwa kwenye tokeni zisizorudi. Wakati huo huo mwenye duka alikuwa amepata mkopo usio na riba kutoka kwa wateja wake, na tangazo lililotembea mifukoni mwa watu bila malipo ya ziada. Mfanyabiashara mwaminifu alizilipa zilipoletwa na akajenga jina. Asiye mwaminifu alitoa nyingi kuliko uwezo wake na kungoja.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Gustavus Lindenmueller, mwenye baa jijini New York. Tokeni zake za mwaka 1863 zina kichwa cha mtu mwenye ndevu upande mmoja na kikombe cha bia upande wa pili, na inaelezwa kuwa alitoa zaidi ya milioni moja. Kwa mujibu wa masimulizi ya wakusanyaji, kampuni ya magari ya farasi ya Third Avenue ilikuwa imepokea tokeni hizo kwa wingi kama nauli. Ilipozipeleka kwake ili azibadilishe, aliikatalia huku akicheka, na kampuni haikuwa na la kufanya. Kampuni ilikuwa imepokea ahadi ya mtu bila kuwa na mkataba naye.

SERIKALI YAINGILIA

Aprili 22, 1864 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye sehemu mbili. Ya kwanza ilileta senti mpya ya shaba nyekundu, nyepesi kuliko ile ya nikeli, yenye gramu 3.11, pamoja na sarafu ya senti 2. Ya pili ilitoa adhabu kwa mtu yeyote atakayetoa sarafu au tokeni za senti moja au mbili. Juni 8 mwaka huo huo sheria nyingine ilikataza sarafu zote za watu binafsi zilizokusudiwa kutumika kama fedha, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka 5.

Katazo peke yake lisingetosha. Kilichoziua tokeni ni chenji kupatikana. Mwaka 1864 serikali iligonga zaidi ya senti milioni 39 za shaba nyekundu na karibu milioni 20 za senti 2. Sarafu hiyo mpya ilifanana sana na tokeni kwa ukubwa, uzito na madini. Tokeni zilikuwa zimekwisha kuonyesha kuwa mnunuzi wa gazeti hajali thamani ya shaba iliyomo ndani ya senti, bali anajali kama duka la pili litaipokea. Mkurugenzi wa kiwanda cha sarafu, James Pollock, aliunga mkono mabadiliko hayo, na senti ya Marekani ikaendelea kutengenezwa kwa shaba kwa sehemu kubwa hadi mwaka 1982.

Tokeni zilizokuwa mikononi mwa watu wakati huo zikabaki bila kazi. Nyingine zilitupwa, nyingine zikawekwa kwenye makopo na visanduku vya nyumbani. Hizo ndizo zinazouzwa leo.

KUSOMA NAMBA ZA KATALOGI

Mnunuzi mgeni asitoe fedha kabla ya kujua jinsi ya kusoma namba za katalogi. Kazi kubwa ilifanywa na Melvin Fuld na mwanawe George, waliochapisha kitabu cha tokeni za kizalendo mwaka 1960 na cha tokeni za duka mwaka 1972. Vitabu hivyo vimerekebishwa baadaye, na mpangilio wao ndio unaotumiwa na wauzaji. Chama cha wakusanyaji wa tokeni hizi, Civil War Token Society, kilianzishwa mwaka 1967.

Tokeni ya kizalendo hutambuliwa kwa namba mbili, moja ya muhuri wa mbele na moja ya muhuri wa nyuma. Tokeni ya duka huanza na herufi za jimbo, ikifuatiwa na namba ya mji, herufi za mfanyabiashara na namba ya aina. Kwa mfano, OH-165 ni Cincinnati, Ohio, na NY-630 ni jiji la New York. Mwishoni huja herufi ndogo ya madini: a ni shaba nyekundu, b ni shaba ya njano, d ni shaba yenye nikeli, e ni madini meupe yenye bati, na f ni fedha. Herufi hiyo moja inaweza kubadilisha bei mara nyingi, kwa hiyo muuzaji anayesema tu "ni ya shaba" hajatoa maelezo ya kutosha.

Kipimo cha uadimu kina ngazi 10, kutokana na makadirio ya idadi iliyobaki:

R-1: zaidi ya 5,000
R-2: 2,000 hadi 5,000
R-3: 500 hadi 2,000
R-4: 200 hadi 500
R-5: 75 hadi 200
R-6: 20 hadi 75
R-7: 10 hadi 20
R-8: 5 hadi 10
R-9: 2 hadi 4
R-10: moja tu

Makadirio haya hubadilika. Mtu akifungua kopo la marehemu babu yake akakuta tokeni 30 za aina iliyodhaniwa kuwa na 8 tu, ngazi hushuka na bei hushuka nayo. Mnunuzi wa R-8 ananunua pia hatari hiyo.

UADIMU SI BEI

Hapa ndipo wanunuzi wengi wageni hukosea. Katika sarafu za kawaida za serikali, aina yenye vipande 50 tu duniani ingeuzwa kwa fedha nyingi sana. Katika tokeni za vita aina za namna hiyo ni nyingi, na wapo wakusanyaji wachache kwa kila aina. Hivyo tokeni yenye vipande 50 inaweza kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Ugavi ni mdogo, lakini mahitaji nayo ni madogo. Bei huzaliwa na vyote viwili.

Tokeni ya Lindenmueller ni mfano mzuri upande wa pili. Hadithi yake inajulikana na kila mkusanyaji angependa kuwa nayo, lakini zilitolewa nyingi mno na zimebaki nyingi. Anayeuziwa kwa bei ya kitu adimu kwa sababu ya hadithi amelipia hadithi ambayo angeisoma bure. Tokeni za kawaida zilizotumika huuzwa kwa makumi machache ya dola, pamoja na umri wake wote. Umri hauna bei usipoandamana na mnunuzi.

Makosa ya maandishi nayo yasimdanganye mtu. Ipo tokeni yenye amri ya John Dix, aliyekuwa Waziri wa Fedha mwaka 1861, ya kumpiga risasi papo hapo atakayejaribu kushusha bendera ya Marekani. Katika muhuri mmoja fundi aliongeza herufi O, neno "spot" likawa "spoot". Kosa hilo hupendwa sana na wanunuzi. Lakini muhuri wenye kosa hugonga kosa lile lile kila mara. La kuuliza ni ziligongwa na kubaki ngapi.

Mahitaji yenye nguvu zaidi yana sababu zinazoeleweka. Wapo wanaokusanya mji wao wa nyumbani, na mji mdogo wenye mtoaji mmoja tu unaweza kuwa na wanunuzi wengi kuliko tokeni. Wapo wanaokusanya biashara fulani, kama wauza dawa, watengeneza bia au wapiga picha. Tokeni za wachuuzi wa jeshi huvutia wakusanyaji wa vitu vya vita pia. Stempu za Gault nazo hutafutwa na makundi mawili, la stempu na la sarafu, na ndiyo maana bei zake ni za juu.

VIPANDE VILIVYOTENGENEZWA KWA WAKUSANYAJI

Ukusanyaji ulianza vita vikiendelea, na mafundi wa mihuri waliliona soko hilo. Walichukua mihuri ya tokeni za kawaida wakagonga vipande vichache katika fedha, nikeli au madini meupe, na hata kugonga juu ya sarafu za serikali. Waliunganisha pia mihuri miwili ambayo haikuwahi kuandamana dukani. Vipande hivyo ni vya kale kweli na vingi vina uadimu wa R-8 au R-9, lakini havikuwahi kununua mkate.

Si kosa kuvinunua. Kosa ni kuvinunua bila kujua. Baadhi ya wakusanyaji huvithamini kwa uzuri wake, na wengine huvikataa kwa kuwa uadimu wake ulipangwa kiwandani. Mwekezaji mdogo anayenunua kitu ambacho nusu ya soko hukikataa ajue kuwa siku ya kuuza atakuwa na nusu ya wanunuzi.

HALI YA KIPANDE NA UGHUSHI

Ubora hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, sawa na sarafu. Tokeni isiyotumika, yenye rangi yake ya asili, inaweza kuwa na bei mara kadhaa ya ile iliyochakaa. Adui mkubwa ni usafishaji. Shaba iliyosuguliwa kwa dawa au kitambaa hung'aa machoni pa mgeni, lakini mzoefu huona mikwaruzo na rangi isiyo ya asili, naye hupunguza bei papo hapo. Uharibifu huo haurekebishiki.

Zipo kampuni zinazokagua tokeni na kuzifunga ndani ya kasha la plastiki lenye alama ya ubora, zikiwemo NGC na PCGS. Huduma hiyo hulipiwa. Kwa tokeni ya dola 20 gharama ya kukagua inaweza kuipita bei ya tokeni yenyewe, kwa hiyo hutumika zaidi kwa vipande vya bei kubwa.

Ughushi hufuata bei. Tokeni za kawaida haziwashughulishi sana waghushi, lakini za wachuuzi wa jeshi na stempu za Gault huwashughulisha. Vikasha vya Gault vimewahi kufunguliwa, stempu ya bei ndogo ikatolewa na ya bei kubwa ikawekwa, au ulanga uliopasuka ukabadilishwa. Mnunuzi achunguze kingo za kikasha kama zimekunjuliwa na kukunjwa tena. Kwa tokeni za shaba, nakala za kumiminwa kwenye kalibu huwa na vijishimo vidogo usoni, herufi zenye kingo butu, na pengine mstari wa maungio ukingoni.

Kwa anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar kuna jambo la ziada. Hewa yenye unyevu na chumvi huila shaba. Tokeni zisiwekwe kwenye mifuko ya plastiki laini, ambayo kwa miaka hutoa utelezi wa kijani unaoharibu madini. Ziwekwe mahali pakavu, zishikwe ukingoni, na zisiguswe usoni kwa vidole vyenye jasho.

HESABU YA KUINGIA NA KUTOKA

Mwekezaji aangalie bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme tokeni imenunuliwa kwa dola 30, na mfanyabiashara wa tokeni angeinunua siku hiyo hiyo kwa dola 18. Ili mwenye nayo arudishe dola zake 30 kwa kuiuza kwa mfanyabiashara, bei hiyo ya dola 18 lazima ipande kwa asilimia 67. Bado hajahesabu posta, ushuru wa forodha, bima, wala tofauti ya kubadilisha shilingi kwenda na kurudi. Akiamua kuuza mnadani atalipa kamisheni na kusubiri miezi.

Tokeni hailipi gawio wala riba. Haina bei moja inayotangazwa kila siku kama hisa au hati za serikali. Kinachotangazwa ni bei zilizolipwa katika minada iliyopita, na bei hizo ni za kipande kile, siku ile, mbele ya wanunuzi wawili waliokitaka. Kwa hiyo busara ni kulinganisha minada kadhaa ya aina ile ile na ubora ule ule kabla ya kukubali bei.

ISICHANGANYWE NA FEDHA ZA DHARURA ZA SERIKALI

Katika Afrika Mashariki msomaji anaweza kuletewa kipande kingine cha chenji ya vita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza koloni la Kijerumani lilizingirwa na kukosa sarafu kutoka Ulaya. Mwaka 1916 zikagongwa Tabora sarafu za heller 5 na heller 20, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Zina herufi T ya Tabora. Hizo ni sarafu za dharura za utawala na si tokeni za mfanyabiashara, kwa hiyo zina katalogi zake, wanunuzi wake na waghushi wake, hasa kwa ile ya dhahabu. Anayepewa kipande chochote cha vita aulize kwanza: aliyetoa ahadi hii ni nani, serikali au mwenye duka?

MASWALI SITA KABLA YA KULIPA

1. Namba kamili ya katalogi ni ipi, pamoja na herufi ya madini?
2. Ilitumika dukani au ilitengenezwa kwa wakusanyaji?
3. Ngazi ya uadimu ni ipi, na nani anaitaka hasa?
4. Imesafishwa, imetobolewa au imerekebishwa?
5. Muuzaji yuko tayari kuirudisha na kutoa fedha ikionekana si halisi, na ameandika hivyo kwenye risiti?
6. Ikihitajika fedha mwezi ujao, itauzwa kwa nani na kwa bei gani?

Swali la sita ndilo lile la mwaka 1863. Kampuni ya magari ya farasi ilipokea tokeni za baa kwa sababu kila abiria alikuwa akizikubali, haikuuliza nani angezipokea mwishoni. Mwekezaji mdogo anayeweza kumtaja mnunuzi wake wa kesho, hata kama ni mfanyabiashara wa mnada, ana bidhaa mkononi. Asiyeweza kumtaja ana kumbukumbu nzuri ya historia, na fedha aliyoilipa aihesabu kama gharama ya burudani, isichukuliwe kwenye mtaji wa duka wala ada ya shule.